Mizabibu isiyopogolewa: kisa cha mkulima aliyezidiwa na madeni, na watu waliomfuata

Kwa mkulima wa zabibu wa Dodoma, mwezi wa nne na wa tano si miezi ya kukaa. Mavuno ya Februari na Machi yakishatoka shambani, mizabibu inatakiwa ipogolewe, kwa sababu hapa kwetu hakuna majira ya baridi kali ya kuilaza na kuiamsha. Mkasi ndio unaoiamsha. Ukipogoa, inachipua, na miezi minne hivi baadaye unavuna tena, Agosti au Septemba. Asiyepogoa amejifutia nusu ya mwaka kwa mkono wake.

Ndiyo maana, katika kijiji kimoja cha upande wa barabara ya Iringa, katikati ya Mei ilipofika na ekari mbili za jirani yao hazijaguswa, watu walisema. Walisema amekuwa mvivu. Walisema pombe imemshinda. Wengine wakasema anataka kuuza shamba anunue kiwanja mjini, kama wengi walivyofanya tangu serikali ihamie huku. Hakuna aliyesema anaumwa.

Kisa hiki kinamhusu mwenye shamba hilo, mwanaume wa miaka 52, mwenye mke na watoto wanne. Nimechanganya mambo ya familia zaidi ya moja na kubadilisha baadhi ya maelezo ili asitambulike mtu, na majina sitaji. Nimekichagua kwa sababu karibu kila aliyemzunguka alimpenda, na karibu kila mmoja alijaribu kumtia moyo, lakini jitihada nyingi zilizidi kumsukuma mbali. Iliyomrudisha ilikuwa moja, na haikuanza na maneno ya kutia moyo hata kidogo.

Alivyofika pale

Februari ya mwaka ule mvua ilikuja na unyevu wa siku nyingi mfululizo, na vishada vikaanza kuvaa ubwiri unga. Ugonjwa huo haungoji. Unapuliza dawa, unarudia, unalipa vibarua, na yote hayo kabla hujauza hata kilo moja. Mkulima wetu alikuwa ametoka kulipa ada ya binti yake aliyeko chuo cha uuguzi. Mfukoni hakukuwa na kitu. Dawa alichukua kwa mkopo kwenye duka la pembejeo, shilingi 420,000. Kwa gharama nyingine alikwenda mjini kwa mkopeshaji, akachukua shilingi 1,500,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Dhamana ilikuwa kadi ya pikipiki ambayo mwanawe wa kiume aliifanyia bodaboda. Ni mikopo ile ambayo mtaani tunaiita kausha damu.

Tuipige hesabu yake, maana watu wengi husaini bila kuipiga. Riba peke yake ni shilingi 450,000 kila mwezi, na ukishailipa, deni lenyewe halijapungua hata shilingi. Alitegemea kuuza kilo kwa 1,500. Lakini zabibu za mkoa mzima huiva kwa pamoja, hazikai, na wakulima wengi hawana chumba cha ubaridi. Viwanda vya mvinyo huchukua kiasi kinacholingana na matangi yao. Mchuuzi anayekuja na gari shambani anajua kwamba huwezi kumwambia arudi wiki ijayo. Aliuza kwa 700. Fedha hiyo iliwalipa vibarua na riba ya mwezi wa kwanza. Riba ya mwezi wa pili aliilipa kwa kukopa shilingi 300,000 kwenye programu ya simu, na nyingine akajaziwa na shemeji yake. Mwezi wa tatu hakuwa na pa kwenda. Akaipeleka pikipiki mwenyewe kwa mkopeshaji, alfajiri, na mwanawe alipoamka akamwambia ameiuza ili wanunue iliyo bora zaidi.

Baadaye alieleza kwamba uongo ule ndio uliomkata maini, kuliko deni lenyewe. Kisha wenye programu ya simu wakaanza kutuma ujumbe kwa watu waliomo kwenye orodha yake ya namba, akiwemo baba mkwe, wakimwita mdaiwa sugu. Ni mtindo uliowaumiza Watanzania wengi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zinazokopesha bila leseni. Tangazo hilo halimfuti mtu aibu ambayo mkwe ameshaisoma.

Aliyeona mapema

Mke wake aliona. Aliona mume anaamka saa nane za usiku na kukaa uani hadi kunapambazuka. Ugali wa uwele na mlenda, chakula alichokula maisha yake yote, ulikuwa unarudi jikoni umechokonolewa pembeni tu. Mtu aliyekuwa hakosi kwenye bao jioni aliacha kwenda, na badala yake akawa anapitia kilabuni, anakunywa wanzuki peke yake, anarudi watu wamelala. Kanisani aliacha.

Halafu yakaja mambo mawili ambayo jirani asingeyaona. Jioni moja alimkabidhi mwanawe mkasi wake wa kupogolea, ambao hakuwahi kumwazima mtu, akamwambia autunze. Siku chache baadaye alimwita mkewe chumbani, akamwonyesha zilipo karatasi za shamba, akamtajia na watu wawili wanaowadai na mmoja ambaye wao ndio wanamdai. Alifanya hayo kwa utulivu, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Mama yule hakuwa na elimu yoyote ya afya ya akili, lakini alitetemeka. Mtu aliyekata tamaa akianza kugawa vitu vyake vya thamani na kupanga mambo ya nyumba kwa utulivu wa ghafla, hiyo ni dalili ya hatari, na haitakiwi kusubiri. Alichofanya kilikuwa sahihi kabisa: usiku uleule alikusanya dawa zote za shamba na kuzipeleka nyumbani kwa mama yake mzazi, akidai panya wanazitoboa. Kuondoa vitu vya hatari karibu na mtu aliyelemewa ni hatua ambayo wataalamu wa afya duniani kote wanaisisitiza, kwa sababu wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hupita, na mtu akivushwa katika saa zile anaweza kuishi miaka mingi. Yeye aliifanya kwa moyo wake tu. Ninamheshimu sana kwa hilo.

Baada ya hapo alitafuta watu. Hapo ndipo kisa kinapoanza kutufundisha.

Kaka mkubwa

Wa kwanza kuitwa alikuwa kaka wa mume, anayeishi upande wa Mvumi. Alikuja na mbuzi, jambo linaloonyesha uzito alioupa wito huo. Wakakaa uani. Alimwambia mdogo wake kwamba mwanaume ni kuvumilia, kwamba babu zao walipita Mtunya na hawakulia, ajikaze.

Wasomaji wasio wa Ugogo huenda hawaijui Mtunya. Ni njaa kubwa iliyoipiga nchi hii ya Wagogo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na miaka iliyofuata, baada ya majeshi kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha ukame ukaongezea. Wazee wetu bado wanaitaja kama kipimo cha shida zote. Kaka mtu aliitaja kwa upendo, akitaka kumwambia mdogo wake kwamba damu yao ni ya watu wasioshindwa.

Mdogo mtu alisikia kitu kingine. Alisikia kwamba babu zake walishinda jambo kubwa na yeye ameshindwa jambo dogo. Na neno lile «jikaze» lilimpata mtu ambaye kwa miezi mitatu hakuwa akifanya kitu kingine zaidi ya kujikaza. Kumwambia ajikaze ni kumwambia kwamba jitihada zote alizozifanya hazikuonekana. Akajibu «sawa kaka», akamchinjia mbuzi, akamsindikiza kituoni. Usiku ule hakulala kabisa.

Nitasema jambo moja kuhusu Mtunya, maana limenikaa moyoni tangu nikisikie kisa hiki. Waliookoka wakati ule hawakuokoka kwa kila mmoja kuuma meno nyumbani kwake. Walikimbilia kwa ndugu, walibadilisha mifugo kwa nafaka, walihamia kwa majirani waliokuwa na chochote. Walisema wana njaa. Kaka angeweza kuisimulia Mtunya ileile kwa upande huo, na ingekuwa kweli zaidi.

Mchango wa kanisani

Wa pili walikuwa waumini wenzake. Habari ya deni ilipofika kanisani, kiongozi mmoja aliisimamisha ibada mwishoni, akamtaja mkulima kwa jina, akaeleza shida yake, akaomba mchango. Mke alikuwepo. Mume hakuwepo. Zilipatikana shilingi 185,000, fedha ya watu wasio na kitu, na kila aliyetoa alitoa kwa moyo safi.

Lakini tuangalie kilichotokea. Kiasi kile hakikufika hata nusu ya riba ya mwezi mmoja. Kwa kiasi hicho mtu alilipa heshima yake yote mbele ya kijiji, bila kuulizwa kama yuko tayari kuilipa. Bahasha ilipoletwa nyumbani aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na hakukanyaga tena kanisani hadi mwezi wa nane.

Wapo watakaosema hiyo ni kiburi. Sikubaliani nao. Mwanaume wa kijijini kwetu anaweza kukosa fedha, mifugo na mvua, na bado akawa mtu mbele za watu kwa sababu neno lake linasikilizwa barazani. Heshima hiyo ndiyo mtaji wake wa mwisho. Msaada unaoitoa heshima hiyo hadharani unamwacha na shilingi chache na bila mahali pa kusimama. Fedha ileile ingeweza kupelekwa kimyakimya kwenye duka la pembejeo, ikaandikwa kwenye daftari lake, na yeye akaambiwa na mtu mmoja, nyumbani kwake, jioni.

Mwenzake wa jando

Wa tatu hakuitwa na mtu. Ni fundi ujenzi anayeishi mjini, ambaye kazi hazijamwishia kwa miaka hii ya majengo mapya. Yeye na mkulima walitiwa jando pamoja. Kwa Wagogo, kama kwa makabila mengi, wenzako wa jando ni watu unaoweza kukaa nao miaka kumi bila kuonana na mkaanza pale mlipoachia.

Fundi huyu alikuwa amenunua robo tatu ya ekari yenye mizabibu michanga na hakujua kuitunza. Alipopita kijijini kwa mazishi akaliona shamba la rafiki yake limekuwa pori. Hakumuuliza kitu. Alimwamkia kwa mbukwa, salamu ya Wagogo, wakaongea ya msiba, halafu akamwambia: «Mwenzangu, ile mizabibu yangu itanifia. Njoo unipogolee, mimi nakata hovyo. Jumamosi nakufuata.»

Jumamosi akaja kumfuata kweli. Hili nalitilia mkazo. Mtu aliyevunjika moyo hawezi kujipanga, kupanda daladala na kufika. Ukimwambia «ukijisikia njoo» umemwachia mzigo ambao hana nguvu za kuubeba. Fundi alifika na pikipiki yake mlangoni, saa moja na nusu asubuhi.

Mkulima akaomba mkasi wake kwa mwanawe.

Jumamosi ya kwanza hawakuzungumza lolote la maana. Alimwonyesha fundi jinsi ya kuhesabu macho kwenye tawi, aache mangapi, akate kwa mshazari juu ya jicho ili maji yasituame. Fundi alikuwa mwanafunzi mbaya na aliulizauliza sana. Kwa mara ya kwanza tangu Februari mkulima alikuwa mtu anayejua kitu ambacho mwingine anakihitaji. Mchana walikula ugali na nyama ya mbuzi, na alikula.

Jumamosi iliyofuata fundi alimfuata tena. Na iliyofuata. Wanaume wengi niwajuao hawasemi yaliyo moyoni wakiwekwa kiti kwa kiti na kutazamwa usoni. Wanasema wakiwa bega kwa bega, mikono ina kazi, macho yako kwenye kazi. Fundi hakuwa amesomea hilo. Alimjua tu rafiki yake.

Siku hiyo ya tatu, wakiwa pande mbili za mstari mmoja wa mizabibu, alimwambia:

«Wewe hulali.»

«Nalala.»

«Hulali. Macho yako nayaona.»

Kimya. Mkasi uliendelea.

«Nikuulize kitu, ndugu yangu, na usinikasirikie. Umewahi kuwaza kujiua?»

Mkulima alikata matawi mawili, kisha akashusha mkono. «Kila alfajiri,» akasema.

Watu wengi huliogopa swali hilo. Wanadhani ukiliuliza utamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti za miaka mingi zinaonyesha sivyo: kuuliza waziwazi, kwa upole, hakumpandikizii mtu wazo, na mara nyingi humpunguzia mzigo, kwa sababu anajua sasa kuna mmoja anayeweza kulisikia bila kukimbia. Zaidi ya watu 700,000 hufa duniani kila mwaka kwa kujiua, na wanaume ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Wengi wao walikuwa na watu waliowapenda na ambao hawakuthubutu kuuliza.

Fundi hakumhubiria. Hakumwambia afikirie watoto. Mtu huyo alikuwa akiwafikiria watoto usiku kucha, na ndicho kilichokuwa kikimmaliza. Alimwambia, «Asante kwa kuniambia. Leo hukai peke yako.» Kisha akamuomba ruhusa ya kumpigia mkewe, na mkulima akaruhusu. Alimrudisha nyumbani mwenyewe na akalala palepale, sebuleni, kwenye mkeka.

Mirembe

Asubuhi ilizuka hofu nyingine. Fundi aliposema waende hospitali, mkulima alisema: «Mirembe? Nikaonekane chizi?»

Kwa mtu wa Dodoma jina hilo lina uzito. Hospitali ya Mirembe inahudumia wagonjwa wa akili wa nchi nzima tangu enzi za ukoloni, na watoto wetu hukua wakitaniana nalo. Utani huo una gharama. Mtu anayeweza kutibiwa na kurudi shambani kwake wiki hiyohiyo anaogopa geti kuliko anavyoogopa ugonjwa. Tena wapo wanaoogopa sheria: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na watu wanadhani ukimwambia daktari ulichokiwaza utaitiwa polisi. Kuwaza si kosa, na kuomba tiba si kosa.

Fundi alimwambia watakwenda wawili, na kwamba akiulizwa na mtu kwenye foleni, aseme amemsindikiza yeye. Walikwenda hivyo. Daktari alimuuliza kuhusu usingizi, chakula, pombe, alichokuwa akiwaza alfajiri, kama amepanga namna, na nani anaishi naye nyumbani. Akamwambia ana sonona, ugonjwa unaotibika. Alimpa dawa na kumweleza kwamba huchukua wiki kadhaa kabla hajaona nafuu kamili, kwamba asiziache mwenyewe akijisikia vizuri, na kwamba wanzuki inaongeza anachokimbia. Alimpangia kurudi. Hakulazwa.

Kwa msomaji aliye mbali na mjini: si lazima kuanzia Mirembe. Hospitali ya wilaya au ya mkoa inaweza kumpokea mgonjwa wa sonona na kumwelekeza, na Wizara ya Afya ina namba ya bure, 199. Lakini kama mtu amesema anataka kufa na unaona dalili kama zile za mkasi na karatasi za shamba, usimpe namba akaondoka. Nenda naye.

Daftari la madeni

Vidonge havilipi kausha damu. Hapa ndipo wengi wanaomtia mtu moyo huishia njiani: wanatibu huzuni na kuacha sababu yake imekaa mlangoni. Fundi alimrudia kaka mkubwa wa Mvumi, akamweleza yote kwa ruhusa ya mwenyewe. Kaka mtu alikuja tena. Safari hii hakuja na mbuzi wala hakutaja Mtunya. Alikaa na mdogo wake, mke na fundi, wakafungua daftari la shule na kuandika kila deni: la nani, kiasi, kimeshalipwa kiasi gani, kuna maandishi au hakuna.

Kuandika tu kulibadilisha kitu. Deni lililokuwa kichwani saa nane za usiku lilikuwa halina mwisho. Kwenye karatasi lilikuwa mistari minne.

Mstari wa mkopeshaji waliuanza kwa sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mtu anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na Benki Kuu imewawekea wakopeshaji kama huyo kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 1,500,000 hiyo ni shilingi 52,500, siyo 450,000. Kaka na mtendaji wa kijiji walikwenda naye mjini, wakaomba kuona leseni. Haikuwepo. Mkulima alikuwa ameshalipa 900,000 na kutoa pikipiki. Pikipiki haikurudi, ilishauzwa, lakini deni lilifungwa kwa maandishi siku hiyohiyo, mashahidi wakasaini. Duka la pembejeo lilikubali kulipwa kidogokidogo baada ya mavuno. Shemeji alisema atasubiri. Ada ya binti ya muhula uliofuata kaka mtu aliilipa moja kwa moja chuoni, na hakuna mtu kijijini aliyejua.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakwenda halmashauri kabla ya yote haya. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo ni mzuri na umewainua wengi, wakiwemo wake na mabinti zetu. Lakini mwanaume wa miaka 52 asiye na ulemavu hayumo katika fungu lolote. Na zaidi ya fedha, mke wake ana kikundi: kila wiki anakaa na wanawake wenzake, wanahesabu hisa, na mwenzao asipotokea wanamfuata kujua ana nini. Yeye alikuwa na bao na kilabu. Kwenye bao wanazungumza Simba na Yanga hadi giza, na asipotokea mtu wanafikiri ana kazi. Si kwamba hawamjali. Hawana desturi ya kufuatilia.

Hilo limeanza kubadilika kidogo kijijini kwake. Mwezi wa sita wanaume saba, wakiongozwa na fundi na kaka mtu, walikwenda kupogoa zile ekari mbili zilizolala, wakimtaka mwenyewe awaelekeze. Walichelewa, na mavuno yalikuja mwishoni mwa Oktoba yakiwa haba. Tangu hapo wanazungukiana mashamba kwa zamu wakati wa kupogoa, na asiyeonekana kwenye zamu anafuatwa siku hiyohiyo. Hawajakiita kikundi wala hawana katiba. Ningependa waweke na mfuko mdogo wa dawa za ubwiri, maana hapo ndipo kausha damu anapopatia mlango.

Lililobaki

Sitaki msomaji afikiri kwamba mambo yamekwisha. Anaendelea na dawa. Zipo alfajiri mbaya, na kaka mtu anapopiga simu siku hizi swali lake la kwanza ni kama amelala. Kanisani amerudi, yule kiongozi alimfuata nyumbani na kumwomba radhi kwa kumtaja hadharani, na alikubaliwa. Deni la pembejeo limebaki shilingi 160,000.

Ambalo halijatatuliwa ni la mwanawe. Kijana bado anaamini baba aliuza pikipiki ili wanunue nyingine, na kila akiuliza itanunuliwa lini, baba anasema baada ya mavuno. Mama anataka aambiwe ukweli wote, deni na ugonjwa. Mkulima anasema mtoto akijua baba yake alitaka kujiua hatamsikiliza tena. Fundi anaona aambiwe la pikipiki sasa na lile jingine baadaye.

Mimi niko upande wa mama, isipokuwa kwa jambo moja: asiambiwe na mwingine yeyote ila baba mwenyewe, na aambiwe kabla hajasikia kilabuni. Kijana ana miaka 23. Yeye ndiye aliyekabidhiwa ule mkasi, na kwa namna alivyoutoa haraka siku ile baba alipouomba, nadhani anajua zaidi ya wanavyodhani. Wamekubaliana wazungumze Jumamosi ya kwanza ya kupogoa, fundi akiwepo shambani.